Mapeasi Niliyokuokea

Mami,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Sasa mimi nitakuulizaje hali, na nakusikia hapo uani ukibishana na mama yako kuhusu blanketi? Yeye anataka uende na mbili, wewe unasema huko Karagita, Naivasha, kuna joto. Wacha niruke hapo. Hali yako naijua kwa masikio, na pengine hilo ndilo limekuwa tatizo letu tangu zamani, kwamba mambo yako mengi nimeyajua kwa kuyasikia ukutani.

Sitakuandikia habari ya kufunga mlango wa chumba cha kukodisha, wala ya watu wa kujihadhari nao huko kwenye mashamba ya maua, wala ya kwenda kanisani Jumapili. Mama yako amekwambia hayo mpaka wewe mwenyewe unaweza kumfundisha mtu mwingine. Naandika kwa sababu ya lile swali lako la jana, ambalo sikulijibu. Kesho asubuhi unaondoka. Ukiondoka bila jibu utajijibu mwenyewe, na ninavyokujua, utajijibu vibaya.

Ulikuwepo, lakini wacha nilisimulie jinsi lilivyonikuta mimi. Watu walikuja kukuaga, chai ikanywewa, ndugu yangu Kariuki akasimama kuomba. Unajua maombi ya Kariuki, yanapitia mji wetu wote wa Elburgon kabla ya kufika kwa mtu anayeombewa. Alipomaliza akashika kikombe chake, akasema, "Wambui, enda ufanye kazi, lakini usikae sana huko. Tuletee Macharia." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, kwa sababu chai ilinipalia.

Baadaye ukanikuta nyuma ya nyumba nikimwaga makaa kutoka juu ya kifuniko cha sufuria. Ulikuwa umeshika trei ya yale mapeasi ya viungo, imebaki makombo. Ukaniuliza, tena kwa sauti ya chini kabisa, "Baba, hizi vitu unanipikia mimi, ama unapikia Macharia?"

Nikakwambia, "Hebu angalia kama maji yamechemka."

Hakukuwa na maji motoni. Wewe ulijua, na mimi nilijua. Ukaenda hata hivyo, ukakaa huko ndani kama mtu anayeangalia maji, na hiyo heshima yako iliniuma kuliko swali lenyewe.

Macharia ni mimi. Macharia pia ni yule mtoto ambaye hajazaliwa. Foleni ya majina kwetu Wagikuyu unaijua: mvulana wako wa kwanza ni wa baba ya mume wako, wa pili ndiye wangu. Na kwa kuwa mama yako alijaliwa wewe peke yako, hakuna mlango mwingine ambao jina langu lingeweza kupitia. Yaani mwanamume mzima, mwenye mvi, amekaa hapa akisubiri mvulana wa pili wa msichana ambaye hata sijui kama ana rafiki wa kiume. Ukiiangalia hivyo unaweza kucheka. Jana ulipouliza sikuona cha kuchekesha.

Nikitafuta mwanzo wa haya yote, narudi kwenye ile kliniki ya Nakuru. Ulikuwa umemaliza shule. Mama yako aliniambia akichambua maharagwe, bila kuniangalia: "Mtoto hapati siku zake. Ni muda sasa." Mimi nikauliza siku zipi. Akaniangalia basi, kwa yale macho yake. Yeye alikuwa na siku ya soko, hangeweza kuacha viazi vyake viozee kwenye gunia, kwa hiyo nikaambiwa nikupeleke mimi. Babangu angesikia kwamba mwanamume amempeleka binti yake kwa daktari kwa jambo kama hilo, angekataa kula nyumbani kwangu. Nilijiona baba wa kisasa sana asubuhi ile. Nilikuwa nimenyoa.

Daktari alikuwa msichana mdogo tu, karibu rika lako. Akakuuliza siku zako zilikuja lini mara ya mwisho, nami nikajibu. Nilijibu jambo nisilolijua, Mami, nikasema "kitambo." Akakuuliza tena, "Ni nini kinakusumbua zaidi?" Na kabla hujafungua mdomo, mimi nikauliza, "Daktari, atazaa?"

Akaweka kalamu chini. "Mzee, ngoja kidogo," akasema. "Nimeuliza Wambui."

Ukaangalia viatu vyako. Ukasema, "Hakuna."

Najua kilichokuwa kinakusumbua, kwa sababu baadaye nilianza kuona. Zile ndevu mbili tatu kidevuni ulizokuwa ukizinyoa kwa siri, wembe wangu ukipotea potea. Chunusi. Jinsi ulivyoacha kwaya. Yote hayo ungemwambia yule daktari, naye alikuwa tayari kusikia, lakini baba yako alikuwa ameshajaza chumba kwa swali lake. Na usidhani niliona aibu. Nilitoka pale nikijipigia makofi moyoni. Wazee walisema mficha uchi hazai, nami nilijiona nimelifunua jambo kwa ujasiri. Sikufikiri kwamba uchi uliofunuliwa haukuwa wangu.

Daktari alieleza vizuri, nami nikaelewa nusu. Kwamba mayai hayakomai inavyotakiwa kila mwezi. Kwamba sukari ikipanda sana kwenye damu, homoni nazo zinachanganyikiwa. Akakupa vidonge, akasema utembee, ulale vya kutosha, upunguze soda na mandazi, usiruke chakula. Nikamuuliza kuhusu matunda, maana kwetu matunda ndiyo tuliyo nayo, miti ya mapeasi imejaa hadi tunalisha ng'ombe. Akasema, "Ale tunda lenyewe, si juisi. Na lisiende peke yake, ale na njugu ama mbegu, ili sukari isipande mbio." Nikauliza kuhusu mdalasini, kwa sababu Kariuki alikuwa ameniambia mdalasini hufungua kizazi. Daktari akasema, "Kama anapenda ladha yake, sawa. Lakini si dawa, mzee."

Mimi nilisikia mdalasini, na nikasikia sawa.

Tulikuwa njiani kurudi, tumefika Njoro. Hapo ukasema, "Baba, niliulizwa mimi." Nikajibu, "Najua," na sikuwa najua chochote.

Kesho yake nikawasha moto. Ulikuwa wakati ule serikali ilipokuwa imefunga msitu, miti isikatwe, mashine za mbao kimya mji mzima, na mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kukausha mbao nilikuwa nimekaa nyumbani nikihesabiwa pumzi na mama yako. Nilihitaji kazi. Nikajitwika homoni zako kama mtu aliyepewa oda ya milango.

Mambo niliyoyakosea jikoni unayajua, na umeyasimulia kwa watu zaidi yangu. Moto wa kwanza niliwasha kwa vipande vya mbao za saipras vilivyobaki kiwandani, na yale mapeasi yakanuka jeneza jipya. Mama yako akakataa yasiingie ndani ya nyumba. Halafu nikasikia sukari ni mbaya, nikaweka asali, tena kwa mkono mkunjufu, nikikwambia ni bila sukari. Uliporudi kliniki ukaja na ujumbe: "Daktari anasema mwili hauoni tofauti, Baba. Asali ni sukari imevaa suti." Sidhani daktari alisema hivyo. Hilo la suti lilikuwa lako. Basi nikaondoa kila kitu, nikaacha peasi, oti za uji, njugu na moto mkali, ukauma kipande kimoja ukashika shavu. "Baba, hii ni mbao, bana." Tangu siku hiyo yakaitwa mbao za Baba, na jirani wote wakajua Macharia amekosa mbao za msituni sasa anaoka zake.

Kilichoniokoa ni ile kazi yangu ya zamani. Ubao mbichi ukiupa joto kwa pupa, ngozi ya juu inakauka na kujifunga, na maji yanabaki ndani. Ukiugusa utasema uko tayari. Utauuza, mtu atauweka darini kwake, na baada ya miezi unapinda na kupasuka. Kwa hiyo tunapanga mbao kwa vijiti katikati ili hewa ipite, na tunangoja. Nikafanya hivyo kwa mapeasi. Vipande vyembamba juu ya vijiti safi, makaa kidogo chini, kidogo juu ya kifuniko, kwanza yakauke polepole. Ndipo nachanganya na oti, njugu zilizopondwa, mbegu za malenge, yai, tangawizi, mdalasini na iliki, narudisha motoni. Yalipotoka laini ndani ulikula ukiwa umesimama. Nilikuwa na furaha ya kijinga mpaka jioni.

Nilijua kutopelekea ubao moto wa pupa. Pale kliniki nilikupelekea wewe.

Sasa nikikwambia ukweli wangu kuhusu haya mambo ya homoni, kichwa changu kimekuwa kama stoo isiyopangwa. Kariuki ananitumia video. Moja inasema matunda ni sumu kwa wasichana wenye shida yako. Ya pili inasema ule matunda tu. Ya tatu kuna mwanamume amevaa koti jeupe, anapiga kelele juu ya maziwa. Nazitazama zote, nazima simu, naenda kumenya mapeasi kwa sababu ni kitu ninachojua kufanya. Kuna miezi mama yako alikuwa akinipitia pale nje akisema tu, "Mtoto yuko sawa," na mimi nikaelewa, nikaangalia trei yangu kwa majivuno. Kuna miezi hakusema kitu, nikaangalia trei ile ile kama mtu aliyetapeliwa. Je, ni vidonge? Ni kule kutembea kwako mpaka shambani na kurudi? Ni mbao zangu? Ni Mungu? Sijui. Nilidhani nikifika umri huu nitakuwa najua mambo. Ninachokuomba ni kimoja, kliniki uitafute na huko Naivasha, usije ukaacha dawa kwa kuhesabu kwamba uliponywa na mapeasi. Daktari alinena wazi, mimi ndiye niliyesikia ninachotaka.

Kuna jambo lingine ambalo hukuambiwa. Siku ile tuliporudi kutoka Nakuru, mama yako aliniuliza daktari alisema nini, na mimi nikamweleza, pamoja na swali langu. Nilimweleza kwa fahari. Akaacha kuosha vyombo. Akasema, "Umeuliza mtoto wako kile kitu mama yako alikuwa ananiuliza."

Mami, baada ya kuzaliwa wewe, miaka ilipita na hakuna mwingine. Mama yangu alikuwa akija hapa, na kabla hajakaa, akiwa bado mlangoni na kikapu mkononi, alikuwa akimwuliza mama yako, "Na huku, hakuna habari?" Kila mara. Mama yako akisema, "Hakuna, Mami," anaenda kuteka maji, hata kama mapipa yamejaa. Mimi nilikuwa papo hapo. Nikipasua kuni. Nilidhani kunyamaza kwangu ni kumtetea, kwa sababu kulikuwa na watu walionishauri nioe mwingine na mimi nikakataa, nikaona nimemaliza wajibu wangu. Kumbe mke wangu alikuwa akiteka maji yasiyohitajika miaka yote hiyo na mimi sikuwahi kumpokea hata ndoo.

Na wewe umebeba jina la yule yule mama. Ndiyo sababu nakuita Mami, tangu ukiwa mtoto wa kubebwa. Nampenda mama yangu, nilimzika nikilia, na alinilea kwa jasho. Yeye ndiye aliyeuliza lile swali mlangoni. Mimi ndiye niliyelibeba mpaka Nakuru nikalimwaga mbele yako, wewe mwenye jina lake. Nimejaribu kulipanga jambo hili niweze kulielewa, kila nikiweka upande mmoja, upande wa pili unaanguka. Niliache hivyo hivyo, nawe ulijue.

Basi swali lako. Unanipikia mimi, ama unapikia Macharia?

Trei ya kwanza ilikuwa ya Macharia. Siwezi kukudanganya. Ile yenye harufu ya jeneza, na ile ya asali, na pengine zote za mwaka ule. Nilikuwa nakuona ukila na ndani ya kichwa changu nilikuwa naona mvulana anakimbia uani. Kama ulihisi, hukukosea kuhisi.

Lakini leo mchana nilikuwa nakufungia viungo kwenye karatasi uende navyo, nikafika kwenye iliki, nikasimama. Daktari hakutaja iliki. Kariuki hakutaja. Hata yule wa koti jeupe na kelele zake hakuitaja. Nikajiuliza, hii iliki iliingiaje kwenye sufuria yangu? Ndipo nikakumbuka. Tulikuwa Nakuru, kwenye duka la yule mama Mwislamu wa mtaa wa Bondeni, nimekuja kununua mdalasini wangu. Akafungua mkebe akakuambia, "Nusa hii, mwanangu." Ukainusa ukafumba macho, ukasema, "Baba, hii inanukia sikukuu." Nikanunua. Na iliki si kitu cha bei ya mchezo, mama yako alinisuta wiki nzima. Tangu siku hiyo sijaoka bila iliki. Haifanyi kazi yoyote ya homoni ninayoijua. Naiweka kwa sababu unaipenda.

Sasa nauliza na mimi: kama nilikuwa nampikia Macharia, iliki ilikuwa ya nani?

Usidhani natafuta kushinda kesi. Sijui ni lini mambo yalibadilika, na sijui kama yalibadilika yote. Bado ningependa kumwona huyo mtoto. Nikisema simtaki nitakuwa mwongo, na wewe utajua. Lakini nimegundua naweza kumtaka na nisikudai. Hivi viwili vilikuwa vimeshikana ndani yangu kwa muda mrefu mpaka nikavidhania ni kitu kimoja.

Alasiri nilienda kwa Kariuki. Nilimkuta akikamua. Sikujua nitaanzaje, nikasimama pale kwenye mlango wa zizi mpaka yeye mwenyewe akauliza, "Ni nini, umekuja kuomba maziwa?"

Nikamwambia, "Nimekuja kwa sababu ya Wambui. Usimtume tena yule mtoto."

"Kumtuma wapi?"

"Kutuletea Macharia. Mwombee, hiyo ni sawa. Lakini usimwagize."

Akacheka. Aliposikia sicheki naye, akaacha. Akasema, "Macharia, mimi naongea kwa ajili yako. Huna kijana. Sasa jina lako litaenda wapi?"

Hilo swali nimeulizwa maisha yangu yote, na sikuzote nilikuwa nikiinamisha kichwa. Leo sijui lilitoka wapi jibu. Nikamwambia, "Yule msichana anaitwa Wambui Macharia. Iko kwa kitambulisho, iko kwa cheti yake ya shule, kesho ataiandika kwa geti ya huko anaenda kazi. Amebeba hiyo jina tangu azaliwe, na hakuna mtu amewahi kumwambia asante."

Kariuki akarudi kwenye ndoo yake. Aliendelea kukamua, nami nikaja zangu. Nilipofika hapo kwenye ua wetu ndipo nikatambua kwamba huyo "hakuna mtu" ni mimi kwanza.

Asante, Mami. Asante kwa kulibeba.

Baba yako,
Macharia